Kwa Niaba ya Mpangaji Mkuu

Nchi ya Pangapangua msiitafute kwenye ramani. Si kwamba haipo. Ipo, ina bendera na wimbo, na ina tenki la maji linalozinduliwa kila mwaka wa uchaguzi bila kuonja tone. Haimo kwenye ramani kwa sababu mtu aliyepewa kazi ya kuichora aliikasimu kwa mwenzake, mwenzake akaikasimu kwa shemeji yake, na shemeji akasema ataichora akirudi msibani. Bado anasubiriwa. Na msibani kwenyewe alikwenda kwa niaba ya mtu.

Mkuu wa nchi hiyo anaitwa Mpangaji Mkuu, kwa kuwa ndiye anayepanga kila kitu na ndiye anayepangua. Waliwahi kutokea watu wachache waliosema kwamba mpangaji, kwa Kiswahili cha mtaani, ni mtu anayekaa katika nyumba isiyo yake, na kwamba hata awe mkuu namna gani, iko siku mwenye nyumba atamgongea mlango. Watu hao walichukuliwa wakaelimishwe. Hawajaonekana tena, na wananchi wema wanaamini kwamba bado wanaelimika.

Elimu ya uongozi iliingia Pangapangua kwa ndege. Mpangaji Mkuu alikuwa akirudi kutoka ng'ambo, alikokwenda kung'olewa jino, maana hospitali za nchi yake ni bora mno kuzisumbua kwa jino moja. Akiwa uwanjani anasubiri ndege, alinunua kitabu kinene chenye jalada la kung'aa, *Kiongozi Bora Hachoki*, kinachofundisha namna ya kuendesha kampuni na mashirika. Akakifungua katikati, akakutana na sura ya kukasimu madaraka. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba kiongozi bora hafanyi kila kitu mwenyewe. Mpangaji Mkuu akakifunga kitabu, akavua miwani, machozi yakamlengalenga. Miaka yote hiyo alikuwa hafanyi kitu, kumbe ilikuwa elimu.

Kurasa zilizobaki alimwachia msaidizi wake azisome kwa niaba yake. Msaidizi akamwachia msaidizi wa msaidizi, na kwa njia hiyo kitabu kikasomwa na serikali nzima bila mtu yeyote kukifikisha mwisho. Kisha likatoka agizo: kila mwenye cheo ajifunze uongozi kwa kusoma na kwa kuzungumza. Ikaundwa Semina ya Taifa ya Kusoma na Kuzungumza Uongozi, ambako mmoja anasoma kwa niaba ya wote, na wote wanaunga mkono.

Matokeo yalionekana haraka. Mameneja wote wakawa makaimu, na makaimu wakapata makaimu wao. Watu wakawa wanahudhuria misiba kwa niaba, wanalia kwa niaba, na upo utumishi mmoja ulioagwa kwa sherehe kubwa bila mstaafu mwenyewe kuwepo. Mtu aliyeshikilia cheo chake kwa mkono wake mwenyewe alionekana mpweke, asiye na watu.

*

Sikudhani binti Mfaume alikuwa Kaimu Meneja wa Matundu katika Shirika la Taifa la Vifungo. Vifungo vya nguo, tafadhali. Vile vingine viko chini ya wizara nyingine, na uzalishaji wake haujawahi kuyumba. Kazi ya Sikudhani ilikuwa kuhakikisha kwamba kila kifungo kinatoka kiwandani na matundu yake, kwa sababu kifungo kisicho na tundu ni kokoto tu. Aliipenda kazi hiyo, na matundu yake yalikuwa ya duara safi.

Jioni moja ami yake, Mzee Shebe, aliyemlea tangu baba yake afariki, alimwambia kwamba kesho, baada ya swala ya alasiri, kuna watu watakuja kumposa.

"Akina nani, Ami?"

"Watu wazito."

"Uzito huo nitaubeba mimi, Ami. Nijue basi na jina."

"Jina atakuja nalo mshenga. Sisi kazi yetu ni kupokea wageni na kujibu."

"Sisi?"

"Mimi. Kwa niaba yako."

Sikudhani akaweka kikombe chini. Mwaka uliopita binamu yake Mwanahamisi alijibiwa hivyo hivyo. Alitoka kwenda sokoni akiwa msichana, akarudi na kapu la nyanya akakuta ni mke wa mtu.

"Nitajibu mwenyewe," akasema. "Nitakaa hapa hapa kwenye mkeka, waone mdomo ukifunguka."

Mzee Shebe hakuwa mtu mbaya. Aliogopa wageni tu, basi.

"Haya, uwepo," akasema. "Lakini usipokuwepo, siwezi kuwaweka watu wazima wanatazamana na chai yangu. Nitajibu ninavyojua."

"Na unajua kujibuje?"

"Mwanangu, mimi tangu nizaliwe sijamkatalia mgeni kitu."

Sikudhani hakulala vizuri. Na asubuhi, alipofika kazini, aliitwa kwa Kaimu Mkurugenzi, Bwana Tindwa. Huyu alikuwa mtu mnene wa shingo, aliyezoea kuzungumza na walio chini yake kupitia katibu muhtasi, hata wakiwa wamesimama mbele yake.

"Mwambie Bi Sikudhani," alimwambia katibu muhtasi, "leo ataniwakilisha kwenye semina."

"Nipo hapa, Mkurugenzi. Leo nina udhuru. Alasiri nina wageni nyumbani."

"Mwambie semina inafungwa kabla ya adhuhuri."

"Inafungwa kabla ya adhuhuri," akasema katibu muhtasi.

Bwana Tindwa akatabasamu, jambo ambalo hakuwa amelikasimu kwa mtu. Sikudhani akapewa beji kubwa ya kuvaa shingoni. Ilikuwa imeandikwa BW. TINDWA.

*

Semina ilikuwa katika Ukumbi wa Uwajibikaji, jengo la ghorofa moja lenye milango mingi na geti moja. Washiriki walipokwisha kuingia, geti likafungwa kwa kufuli lenye ukubwa wa mkate.

Bwana Kachenje, Kaimu Mratibu wa semina, kijana mwembamba ambaye tai yake ilimtangulia kila alikokwenda, akapanda jukwaani.

"Ndugu washiriki, itifaki imezingatiwa," akasema. "Mgeni rasmi wetu ni Mpangaji Mkuu mwenyewe, na yuko njiani."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Hatakuja yeye. Lakini anayekuja kwa niaba yake naye yuko njiani."

Makofi yakazidi.

Sikudhani akamgeukia mwanamke aliyeketi kando yake. Alikuwa Bi Hidaya, Kaimu wa Kaimu Meneja wa Ladha katika Shirika la Chumvi, mama mpana aliyekuja na fuma yake ya kitambaa cha meza.

"Samahani, dada. Hilo geti linafunguliwa saa ngapi?"

"Unataka kwenda wapi na ubwabwa haujaletwa?"

"Nyumbani. Nina posa."

"Unaposa?"

"Naposwa."

"Basi tulia, mwaya. Kuposwa hakuhitaji wewe uwepo. Mimi nilijua kwamba nimeolewa nilipoulizwa chumvi iko wapi."

Bi Hidaya akamweleza utaratibu bila kuacha kufuma. Geti haliguswi mpaka semina ifungwe, na semina haifungwi na mtu yeyote isipokuwa mgeni rasmi. Mwaka uliotangulia washiriki walikunywa chai wakatoroka, na mgeni rasmi akahutubia viti vitupu. Taarifa ya habari ilisema mwitikio ulikuwa mzuri na wenye nidhamu, lakini serikali haikupenda jambo hilo lijirudie.

Wakati mgeni rasmi yuko njiani, masomo yakaanza kwa kujipasha moto. Kitabu kilikuwa kimoja. Bwana mmoja mwenye miwani akasoma ile sura ya kukasimu kwa sauti ya kwaya, kisha Bwana Kachenje akafungua mazungumzo.

"Nani atatuambia, kukasimu ni nini?"

"Kukasimu," akasema mwenye miwani, "ni kumpa mwenzako kazi yako ili upate nafasi ya kumlaumu."

"Safi kabisa! Nani anaunga mkono?"

Mikono yote ikapanda. Bi Hidaya akapandisha sindano ya kufumia.

Kitabu kikapitishwa mkono kwa mkono ili kila mtu akiguse. Kilipomfikia Sikudhani hakukipitisha. Akakifungua pale sura ilipoishia, akaona kurasa zinazofuata zimegandana kwa kutofunguliwa kamwe. Akazitenganisha kwa kibanio cha nywele, akaanza kusoma. Alisoma taratibu, kama mtu anayetafuta mlango wa nyuma, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyosahau joto la ukumbini. Kisha akanyanyuka.

"Ndugu Mratibu, ninaomba kuuliza. Sura hii inaendelea. Inasema kazi unaweza kukasimu, lakini kujibu huwezi. Kazi ikiharibika, anayeulizwa ni wewe. Halafu inasema usimkasimu mtu jambo, wala usiliamue kwa niaba yake, kabla hujamuuliza kama analitaka. Mbona hapo hatujafika?"

Vichwa vikageuka. Hata mafeni yalionekana kusita.

"Ndugu mshiriki," akasema Bwana Kachenje kwa upole wa daktari, "ukurasa huo bado haujazinduliwa."

"Nimeshausoma."

"Umeusoma kabla ya uzinduzi?" Akashusha kipaza sauti. "Kaa chini, Bwana Tindwa. Kaa tusije tukakuharibia."

Sikudhani akakaa. Bi Hidaya alifuma safu nzima, kisha akasogeza kichwa.

"Nisomee tena hapo pa kumuuliza mtu kama anataka."

Sikudhani akamsomea kwa kunong'ona. Bi Hidaya akasikiliza hadi mwisho. Sindano ilikuwa imesimama.

"Upuuzi mtupu," akasema hatimaye. "Kifunge." Na akakosea fundo, akalazimika kufumua.

*

Adhuhuri ikaja, ikapita. Mgeni rasmi, kwa taarifa za Bwana Kachenje, alikuwa njiani, kisha jirani kabisa, kisha njiani tena. Ubwabwa uliletwa na watu wa jikoni waliopitisha masufuria juu ya ukuta. Ndipo simu ya Sikudhani ikaita.

"Mwanangu, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Mzee Shebe, ya chini, ya mtu anayeongea akiwa chooni. "Wageni wametuma salamu, wako njiani."

"Njiani ya kweli au ya serikali?"

"Ya kweli. Nimesikia wakiuliza nyumba. Na jina nimelipata kwa mshenga. Ni Bwana Tindwa."

Sikudhani akatazama beji iliyolala kifuani mwake.

"Tindwa yupi, Ami?"

"Wa vifungo! Bosi wako! Anasema anakuthamini kikazi."

"Ami, huyo ana mke!"

"Anaye, na kaimu wake. Wewe utaanza kama kaimu wa kaimu, halafu baada ya matazamio utathibitishwa."

Hapo ndipo Sikudhani alipoielewa asubuhi yake yote: udhuru uliokataliwa, lile tabasamu, beji. Alikuwa ametumwa mbali na nyumbani na mtu aliyekuwa anatuma posa nyumbani kwake. Damu ikampanda.

"Ami, nisikilize. Jibu ni hapana. Waambie hapana."

"Hapana, hiyo mimi siiwezi. Nimeshachinja jogoo."

"Basi sikia. Hapa nilipo, mimi ndiye Bwana Tindwa. Namwakilisha, nina beji, nina hadhi yake yote. Mwambie mshenga kwamba kwa niaba ya Bwana Tindwa, posa nimeifuta."

Mzee Shebe aliona hoja hiyo ina uzito, akaenda kumpigia mshenga. Akarudi baada ya muda.

"Mshenga anasema kitabu kinakataza. Kiongozi bora akishakasimu haingilii. Posa imekwisha kukasimiwa kwake, na hata Bwana Tindwa mwenyewe aje alie kibarazani, itaendelea."

"Ami, wacheleweshe!"

"Nitawapa chai kwanza," akasema mzee, na kwa sauti yake Sikudhani alijua kwamba chai ndiyo silaha pekee aliyokuwa nayo.

Akatoka ukumbini mbio hadi getini. Mlinzi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kaka yangu, nifungulie. Nina shida nyumbani."

"Pole sana, dada."

"Ufunguo si ninauona hapo kiunoni?"

"Unauona vizuri. Lakini mimi nimekasimiwa kufunga tu. Kufungua kuna mwenzangu."

"Yuko wapi?"

"Yuko semina."

"Semina hii?"

"Hapana, ya kufungua. Nao wamefungiwa huko, wanamsubiri mgeni rasmi."

Sikudhani akashika nondo za geti kwa mikono miwili. Nje, mtaani, watu walikuwa wanapita na mikungu ya ndizi, na mmoja wao akampungia mkono kwa heshima, kama watu wanavyowapungia viongozi. Msikiti wa upande wa pili ukaanza kuadhini alasiri.

*

Aliporudi ndani, king'ora kikalia nje ya geti. Watu wote wakasimama na kurekebisha nguo. Lilikuwa gari la mgeni rasmi, jeusi, limeng'arishwa, na ndani yake hamkuwa na mtu isipokuwa dereva. Itifaki ya Pangapangua inataka gari litangulie ili heshima isichelewe.

Bwana Kachenje, jasho likimtiririka, akaanza kupiga simu akiwa jukwaani. Alisahau kuzima kipaza sauti, na ukumbi mzima ukasikia upande wake.

"Haloo, Mheshimiwa Makamu? Ndiyo. Umemwachia Waziri. Uamuzi wa busara... Haloo, Mheshimiwa Waziri? Umemwachia Katibu Mkuu. Hongera, Mheshimiwa... Haloo, Katibu Mkuu? Mashirika? Shirika lipi? La Vifungo. Ahsante, ahsante... Haloo, Bwana Tindwa? Samahani, nasikia harufu ya pilau, hongera kwa shughuli. Mimi ni wa semina. Ah! Umemkasimu mtu. Tangu asubuhi? Sasa huyo mtu tumpate wapi?"

Akasikiliza. Akageuka polepole, akatazama safu baada ya safu, hadi macho yake yakatua juu ya beji.

"Yumo humu," akasema.

Viti vikasukumwa nyuma. Ukumbi mzima ulisimama kumwelekea Sikudhani. Bi Hidaya aliinuka na kitambaa chake chote, uzi ukamfuata.

"Mheshimiwa," akasema Bwana Kachenje, na sauti yake ilikuwa na lawama kidogo, "tumekusubiri tangu asubuhi!"

"Poleni," akasema Sikudhani. "Nilikuwa njiani."

Akapandishwa jukwaani, akavishwa skafu ya rangi za taifa, akapewa hotuba nene kama mto wa kulalia. Akaiweka kando.

"Naifungua semina hii," akasema.

Makofi.

"Na naifunga."

Makofi yakatikisa mabati. Walikuwepo watu waliozeeka katika semina ambao walikiri kwamba hawajawahi kusikia hotuba yenye dira kama ile.

"Na ule ukurasa, Mheshimiwa?" ikasikika sauti ya Bi Hidaya kutoka chini.

Sikudhani alikuwa ameshashuka ngazi mbili. Akasimama.

"Nauzindua."

Ukaletwa utepe, kitabu kikafungwa utepe kwa kuzungushwa vizuri. Bahati mbaya mkasi ulikuwa umekasimiwa. Kwa hiyo kitabu kipo hadi leo ofisini kwa mratibu, kimefungwa utepe wake, ukisubiri kukatwa. Bi Hidaya alikitazama kikipelekwa, akakunja fuma yake taratibu.

Geti likafunguliwa. Mlinzi hakukumbuka tena kwamba kufungua si kazi yake.

*

"Nyumbani kwa Mzee Shebe," Sikudhani alimwambia dereva, "na king'ora usikizime."

Bwana Kachenje akajipenyeza kwenye kiti cha mbele.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Ninakuratibu, Mheshimiwa."

Sikudhani hakuwa na muda wa kubishana. Gari lilipita katikati ya mji kama kisu, na magari mengine yakipanda juu ya bustani kulipisha. Walifika chai ikiwa imekwisha. Sebuleni wageni walikuwa wamekaa kwenye mkeka mpya, sinia la posa likiwa limefunikwa kitambaa cha kumeremeta, na Mzee Shebe alikuwa amekwisha kusafisha koo. Mshenga, mzee wa kanzu safi mwenye sauti ya redio, alikuwa ameinamisha kichwa kupokea jibu. Bwana Tindwa hakuwepo, bila shaka. Alikuwa kwake, kwenye pilau.

"Tume..." akasema Mzee Shebe.

"Hapana!" akasema Sikudhani kutoka mlangoni.

Alikuwa amevua skafu na beji akaviacha garini. Alitaka kulisema jambo hili akiwa na gauni lake la kazini na uso wake mwenyewe.

"Mimi Sikudhani binti Mfaume simtaki Bwana Tindwa. Nawashukuru kwa kuja. Ahsanteni."

Mshenga akainua kichwa, akamtazama bila hasira hata kidogo.

"Kwa niaba ya nani?" akauliza.

"Kwa niaba ya nani vipi? Mimi mwenyewe."

"Binti yangu, hilo ndilo tatizo. Wewe una mwakilishi, ni huyu ami yako. Mtu hawezi kujiwakilisha na huku anawakilishwa. Mtakuwa wawili, na jibu litakuwa limejirudia."

"Basi ami aseme hapana! Ami, sema!"

Mzee Shebe akamtazama binti wa nduguye, akatazama wageni, akatazama mifupa ya jogoo kwenye sahani. Ungeweza kuona kwamba alijaribu. Ile "ha" ilitoka kabisa, ikasimama hewani, lakini mzee akaimalizia kwa "habari za huko mtokako?"

"Nzuri," wakajibu wageni.

"Tuendelee," akasema mshenga, akainua mikono kwa ajili ya dua.

Sikudhani akaona mikono ikinyanyuka mmoja baada ya mwingine kuzunguka mkeka, viganja vikitazama juu. Alijua kwamba ikiteremka usoni, mambo yamekwisha. Akageuka, akakimbilia garini, akarudi na skafu begani imekaa upande.

"Kwa niaba ya Mpangaji Mkuu," akasema, "posa hii imekataliwa."

Waliokuwa wamekaa wakasimama. Waliokuwa wamesimama wakasimama zaidi. Mshenga akaweka mkono kifuani.

"Tumepokea maelekezo," akasema, na uso wake uling'aa kwa furaha ya mtu aliyepewa kitu kinachoeleweka. "Ungesema mapema, Mheshimiwa, tusingesumbua watu."

Wakapiga makofi. Sinia likanyanyuliwa na kitambaa chake. Mzee Shebe alikaa chini akalia kwa furaha, akisema kila siku aliomba Mungu amletee mtu wa kumsaidia kukataa.

Sikudhani akaegemea ukuta. Ilikuwa imekwisha. Alitaka kitu kimoja tu, kuvua viatu.

*

"Mheshimiwa, tunachelewa," akasema Bwana Kachenje kutoka mlangoni. "Kuna choo cha soko kinasubiri kuzinduliwa. Halafu maonyesho ya mbolea."

"Mimi nimemaliza. Rudisha gari kwa aliyenikasimu."

"Bwana Tindwa? Ameshakasimu, hawezi kuingilia. Katibu Mkuu hali kadhalika, na Waziri, na Makamu. Na Mpangaji Mkuu ameondoka jana, lile jino lina mwenzake."

"Basi nakukasimu wewe. Chukua."

"Mimi ni mratibu, Mheshimiwa. Nikipokea, nitamratibu nani?"

"Ami?"

Mzee Shebe alikuwa ameingia chooni.

"Wapo watu wengi wa kupokea," akasema Bwana Kachenje, akitazama kucha zake. "Hata hapa barazani ninawaona. Ila Mheshimiwa ujue, atakayepokea atapokea na yote uliyoyaamua leo. Ile hapana itakuwa yake. Akipenda ataiacha. Akipenda ataipangua."

Mshenga alikuwa amefika kizingitini na sinia lake. Akapunguza mwendo. Kisha akasimama kabisa, akaanza kukung'uta kanzu ambayo haikuwa na vumbi.

Sikudhani akamtazama mshenga. Akatazama lile sinia, kile kitambaa cha kumeremeta, na mlango wa chumba chake, ambao ulikuwa wazi kiasi cha kuona kitanda na kandambili zake chini yake. Akaiweka skafu sawa begani, akatoka nje, akaingia garini.

Mshenga akaendelea na safari yake.

Majirani walikuwa wamejaa barabarani. Mzee Shebe akatoka ndani mbio, akashika dirisha la gari, kioo kikiwa nusu.

"Mwanangu, utarudi lini? Nimekuwekea paja."

Sikudhani akafungua mdomo.

"Mheshimiwa anasema atarudi karibuni," akasema Bwana Kachenje kutoka kiti cha mbele.

"Mimi sijasema kitu!"

"Amesemaje?" akauliza Mzee Shebe, maana king'ora kilikuwa kimeanza na kioo kilikuwa kinapanda.

"Anasema amefurahi sana kuwaona!"

Mzee Shebe akaachia dirisha, akarudi nyuma hatua chache, akaanza kupiga makofi. Nyuma ya kioo cheusi mdomo wa Sikudhani ulikuwa unafunguka na kufumba, unafunguka na kufumba, na majirani wote wakakubaliana kwamba ilikuwa hotuba nzuri.